RADI: TUITAZAME, TUIPIGE PICHA, LAKINI TUBAKI HAI

(Makala ya mwanachama wa Kidato cha Tatu)

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii tumeikariri tangu darasa la nne, na kila mtu akiandika insha lazima aipachike mahali. Lakini hebu nikuulize: ni lini mara ya mwisho ulipoyatazama mawingu yenyewe? Si kuyatupia jicho ukikimbia kuanua nguo kwenye kamba. Nasema kuyatazama, tangu yanapoanza kama pamba hadi yanaponguruma.

Mimi nilianza zoezi hili nikiwa Kidato cha Kwanza, wakati mwalimu wetu wa Jiografia alipotuambia tuandike hali ya hewa kwa mwezi mmoja. Mwezi uliisha nikaendelea. Sasa nina daftari mbili na picha kadhaa nilizopiga kwa simu ya mama. Katika makala haya nataka kukufundisha yale niliyojifunza: maneno yake, chanzo chake, hesabu yake, jinsi ya kupiga picha na jinsi ya kujikinga. Mwishoni nitakusimulia jambo lililotokea nyumbani kwetu hapa Misikhu, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Twende basi.

1. MANENO KWANZA

Sisi ni Chama cha Kiswahili, kwa hiyo tuanze na lugha. Wengi wetu huchanganya maneno haya.

Umeme ni ule mwanga unaomulika angani. Neno hilo hilo hutumiwa kwa stima ya nyumbani, na si kosa, kwa maana ni kitu kimoja. Ngurumo ni sauti inayofuata. Radi ni umeme huo unapopiga kwa kishindo, hasa unapofika chini na kugonga mti, nyumba au mtu. Rasharasha na manyunyu ni mvua ndogo ndogo. Mvua ya mawe ni ile yenye vipande vya barafu, inayotoboa majani ya mahindi. Chamchela ni upepo unaozunguka na kuinua vumbi, ule tunaoukimbia uwanjani mwezi wa pili. Dhoruba ni upepo mkali pamoja na mvua. Tufani ni dhoruba kubwa, hasa ya baharini. Kimbunga ni kikubwa zaidi, upepo unaozunguka kwa mamia ya kilomita.

Utaona kwamba maneno mengi ya dhoruba katika Kiswahili yananukia chumvi. Hata majira yetu ya vitabuni ni ya pwani: kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kusi huvuma kuanzia Aprili hivi, mvua ya masika, mvua ya vuli. Ukija hapa Bungoma au Kitale mambo ni tofauti. Mvua huanza mwezi wa tatu na inaweza kuendelea, ikipungua na kuongezeka, hadi mwezi wa kumi na moja. Sasa hiyo utaiita masika au vuli? Kwa hiyo mwenzangu ukiandika insha kuhusu Misikhu, usiandike tu "wakati wa vuli" kwa sababu umeona kitabuni. Andika unachokiona.

2. PWANI WANA VIMBUNGA, SISI TUNA RADI

Mwambao wa Waswahili umewahi kuonja vimbunga. Aprili 1872, enzi ya Sultani Barghash, kimbunga kilipiga Unguja. Kilizamisha majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu mingi. Pemba haikuumia sana, na ndiyo maana baadaye ikawa kisiwa kikuu cha karafuu. Aprili 1952 kimbunga kingine kilipiga Lindi, kusini mwa Tanganyika ya wakati ule. Juzi juzi, Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia.

Matukio hayo ni machache ukilinganisha na Msumbiji au Madagaska. Kwa nini? Kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia ili upepo wake uzunguke. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Misikhu iko chini ya digrii moja tu kutoka ikweta, tena mbali na bahari. Kwa hiyo kimbunga hatuna.

Lakini usicheke mapema. Tumepewa radi. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa orodha ya sehemu za dunia zenye umeme mwingi wa angani, wakitumia vipimo vya setilaiti vya miaka 16, kuanzia 1998. Ya kwanza ilikuwa Ziwa Maracaibo huko Venezuela, lenye mimuliko kama 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ya pili ilikuwa hapa hapa Afrika: Kabare, Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, yenye mimuliko kama 205. Hata nchini mwetu, vilima vya Kericho na Nandi vinajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Sisi ni majirani wa hao wote.

Sababu yetu kubwa ni Ziwa Viktoria. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wenye unyevu kutoka ziwani huja kujaza nafasi yake. Upepo huo hukutana na upepo wa kutoka mashariki, tena hupandishwa na milima. Sisi tuna Elgon, yenye mita 4,321. Hewa yenye unyevu ikipanda hupoa, na mvuke hugeuka kuwa mawingu. Ndiyo sababu hapa kwetu asubuhi jua huwaka vizuri, mtu anaanika mahindi, halafu saa nane au saa tisa mchana, lo! Giza.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi lakini maji hubaki na joto. Upepo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani, kutoka upande wa Kenya, wa Uganda na wa Tanzania, ukakutana katikati. Kwa hiyo dhoruba za ziwani aghalabu huwa za usiku na alfajiri. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

3. RADI HUFANYIKA VIPI?

Wingu la radi si wingu la kawaida. Hurefuka kwenda juu kama koliflawa, likapita kilomita 10, na kule juu kabisa hutandazwa likafanana na fuawe la mhunzi. Ndani yake kuna vipande vya barafu na mawe madogo ya mvua. Hewa huvipeperusha juu na chini, vikigongana na kusuguana. Umewahi kuvua sweta la shule gizani na kusikia linalia tititi? Basi ni jambo lile lile. Chaji chanya hukusanyika juu ya wingu, chaji hasi hukusanyika chini yake.

Chaji ikizidi, hewa hushindwa kuizuia. Njia hushuka kutoka wingu hatua kwa hatua, huku ikijipinda. Ikikaribia chini, vitu virefu kama mti, mlingoti au mtu aliyesimama peke yake shambani hutoa njia yake ndogo kwenda juu kuipokea. Zikikutana, mkondo hupita kwa kishindo. Hewa hapo hufika joto la nyuzi 30,000 za Selsiasi hivi, yaani mara tano ya uso wa jua. Hewa hiyo hupanuka ghafla, na huko kupanuka ndiko ngurumo.

Kwa hiyo radi haichagui mtu mbaya wala mtu mzuri. Hutafuta njia iliyo rahisi.

4. HESABU YA RADI

Hesabu hii ni rahisi kuliko logarithimu. Mwanga hufika machoni papo hapo. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa sekunde tatu. Ukiona umeme, anza kuhesabu: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Ukisikia ngurumo, acha. Gawanya kwa tatu.

Mfano: umehesabu sekunde 12. 12 ÷ 3 = 4. Radi ilipiga umbali wa kilomita 4. Baada ya dakika chache ukahesabu sekunde 6. Sasa ni kilomita 2. Dhoruba inakuja kwako! Funga daftari, ingia ndani.

Kanuni ya wataalamu ni hii: ikiwa sekunde hazifiki 30, umeshakuwa hatarini. Ingia ndani, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wengi hupigwa mwanzoni kabla mvua haijanyesha, au mwishoni watu wakidhani imekwisha. Tena yule anayesema radi haipigi mahali pamoja mara mbili anadanganya. Roy Sullivan, mlinzi wa mbuga huko Virginia, Marekani, alipigwa mara saba kati ya 1942 na 1977, na akaishi.

5. NILICHOKIONA PORT VICTORIA

Likizo ya Agosti nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilikwenda kwa senge, ambaye ameolewa Port Victoria, kaunti ya Busia. Wengi hawajui kwamba maji yanayoporomoka hapa jirani kwenye maporomoko ya Nabuyole, Webuye, ni ya mto Nzoia, na mto huo huo humwaga maji yake ziwani karibu na Port Victoria. Nilijiona kama nimeyafuata maji ya kwetu.

Usiku wa kwanza sikulala. Mume wa senge ni mvuvi wa omena. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa. Tulisimama mlangoni tukaona taa za mashua zikiwa mbali kama mji mdogo juu ya maji. Nyuma ya taa hizo, upande wa Uganda, mawingu yalikuwa yakimulika kimya kimya. Nilihesabu hadi 60 bila kusikia kitu. Ilikuwa mbali bado. Mimi nilifurahi, nikaegemeza simu kwenye dirisha nikapiga picha. Senge hakufurahi. Alikuwa akihesabu taa.

Kufikia saa tisa usiku upepo ulianza. Taa moja moja zikawa zinarudi. Senge alihesabu zile za jirani, akahesabu ya mumewe, akaketi. "Sasa unaweza kulala," aliniambia.

Pale ndipo nilipojua kwamba kuzitazama dhoruba kwa watu wengine si mchezo. Inakadiriwa kwamba watu elfu kadhaa hufa maji katika Ziwa Viktoria kila mwaka, na dhoruba za ghafla ni moja ya sababu kubwa. Kuanzia 2017, Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na idara za hali ya hewa za nchi zetu ziliendesha mradi wa kuboresha utabiri kwa wavuvi, ili mvuvi ajue kabla hajasukuma mashua. Mume wa senge naye alisema utabiri husaidia, lakini bado hutazama mawingu kwa macho yake. Nadhani ana haki. Fanya yote mawili.

6. JINSI YA KUPIGA PICHA

Picha ya kwanza mashuhuri ya umeme wa angani iliyopigwa kwa kamera ya kioo ilikuwa ya William Jennings, huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1882. Kabla ya hapo wachoraji waliuchora umeme kama msumeno, pembe pembe. Picha ilionyesha kwamba kumbe unajipinda na kutoa matawi kama mizizi ya mti. Hiyo ndiyo faida ya picha: inakosoa tulichozoea kusema.

Huhitaji kamera ya bei. Simu ya mama ina ufa kwenye kioo na bado imenifaa. Fuata hatua hizi:

(a) Uwe ndani ya nyumba, dirisha limefungwa. Usiwe mlangoni, usiwe chini ya upenu wa mabati. Picha nzuri ni za dhoruba iliyo mbali, kilomita 10 au zaidi. Ikikaribia, acha.

(b) Safisha lenzi kwa kitambaa laini. Mafuta ya vidole huharibu kila kitu.

(c) Mchana usijaribu kubonyeza kitufe ukiona umeme. Umeme hudumu chini ya sekunde moja, mkono wako utachelewa. Rekodi video, kisha itazame polepole na uchague kipande chenye mwale. Simu nyingi huchukua picha kama 30 kwa sekunde, kwa hiyo huenda moja ikaunasa.

(d) Usiku, ikiwa simu yako inakuruhusu kupanga kamera mwenyewe, iache ifungue jicho lake kwa sekunde 5 hadi 10. Iegemeze kwenye kitu kigumu, na utumie kipima muda cha sekunde 3 ili kidole chako kisiitikise.

(e) Weka kitu kinachojulikana katika picha: vilima vya Chetambe, paa la nyumba, mti. Bila kitu hicho hatujui ukubwa wala upande.

(f) Andika tarehe, saa, upande na sekunde ulizohesabu. Picha isiyo na maandishi ni pambo tu.

(g) Simu isiwe kwenye chaji. Simu yenyewe haiiti radi, huo ni uvumi, lakini waya wa stima unaweza kuileta ndani hadi mkononi mwako.

Nakuonya pia kwa mfano wa kweli. Mwaka 1752 Benjamin Franklin wa Marekani alieleza jinsi tiara lilivyotumiwa kuonyesha kwamba umeme wa mawingu ni umeme kama mwingine. Mwaka uliofuata, 1753, mwanasayansi Georg Richmann alikuwa akichunguza jambo hilo nyumbani kwake St Petersburg, Urusi, kwa chuma kilichotoka kwenye paa. Radi ikampiga akafa. Alikuwa msomi, si mjinga. Alikaribia mno.

7. YALIYOTUPATA NYUMBANI

Sasa nifike kwenye kisa nilichokuahidi.

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili 2025. Ndugu yangu mdogo alikuwa akichunga maksai wetu wawili wa kulima. Maksai hao ndio waliotulimia na kulimia watu kwa malipo, na malipo hayo ndiyo karo yangu. Mvua ilianza kama saa tisa. Mimi nilikuwa chumbani, simu imeegemezwa dirishani ikirekodi. Ghafla kila kitu kikawa cheupe na papo hapo nikasikia mlio kama nyumba imepasuka.

Tulipokimbia baada ya mvua kupungua tulikuta maksai wote wawili wamekufa chini ya mblugamu mrefu wa kuka. Ndugu yangu alikuwa ameketi kwenye mfereji wa shamba, hatua kama 30 kutoka mti, analia kwamba miguu imekufa ganzi. Alikuwa mzima, Mungu ashukuriwe.

Jioni maneno yakaanza. Radi gani hii inayochagua? Mbona imeua maksai ikaacha mtoto? Imetumwa! Na kila mtu alijua nani. Kuna mzee jirani ambaye tulikuwa na ugomvi naye wa mpaka wa shamba. Huishi peke yake. Kukhu alikumbusha kwamba radi ni kama jogoo mwekundu, na jogoo ana mwenyewe.

Nitasema ukweli kwa sababu nimeamua kuuandika. Mimi ndiye niliyelitaja jina la mzee huyo mtoni Jumapili asubuhi, mbele ya wasichana wenzangu waliokuja kuteka maji. Mimi mwenye daftari mbili za mawingu! Nilikuwa na hasira ya karo. Kufikia jioni jina lile lilikuwa limefika sokoni, na vijana walikuwa wanasema usiku watamtembelea kwa kiberiti.

Mama aliposikia alinitazama tu. Ndipo nikachukua simu nikaitazama ile video. Niliisogeza kidogo kidogo. Kipande kimoja kilikuwa cheupe kabisa. Kilichofuata kilionyesha mwale umeshika kilele cha mblugamu. Kisha nikapima sauti: kutoka mwanga hadi mlio haikufika sekunde moja. Mti ule uko kama mita 200 kutoka kwetu. 200 ÷ 340 = 0.6. Ilikuwa sawasawa. Nikaenda mtini nikapiga picha nyingine: gamba lilikuwa limebanduka kwa mstari kutoka juu hadi kwenye mizizi, na hapo kwenye mizizi ndipo maksai walipokuwa wameangukia.

Nilimwonyesha kuka. Akaituma habari kwa liguru, na usiku huo huo wazee wakaitwa kwetu, pamoja na vijana. Mimi ni mtoto, sikuweza kusimama kuwafundisha wazee. Nilikaa nyuma ya kuka nikamweleza polepole, naye akasema kwa Lubukusu kwa sauti yake.

Alieleza hivi. Radi ilishuka kwenye mti kwa kuwa ndio mrefu. Ilipofika ardhini ilitawanyika pande zote, kama maji yaliyomwagwa, kali karibu na mti na dhaifu ikienda mbali. Ng'ombe ana miguu minne, ya mbele iko mbali na ya nyuma. Umeme hupanda kwa miguu iliyo karibu na mti, ukapita tumboni na moyoni, ukatokea miguu mingine. Mtoto alikuwa mbali, tena amechuchumaa, nyayo zake pamoja. Umeme uliompitia ulikuwa kidogo, ukamtia ganzi tu. Haikuchagua. Ni umbali na miguu.

Kijana mmoja alisema, "Basi simu hiyo ituonyeshe ni nani aliyeituma kwenye mti huo."

Kuka alinyamaza kidogo, akasema, "Mti huo niliupanda mimi. Watu waliniambia niukate, nikakataa kwa sababu ya mbao. Kama kuna aliyeiita radi hapa, ni mimi. Anzeni na nyumba yangu."

Hakuna aliyejibu. Watu waliondoka mmoja mmoja.

Siku ya pili mama alinipa unga kilo mbili na kuku mmoja, tukaenda kwa yule mzee. Niliomba msamaha kwa maneno yangu ya mtoni. Aliupokea unga, akanipa mkono. Alisema tu, "Mwanangu, usiku ule sikulala. Nilisikia kila mtu aliyepita njiani." Sijalisahau neno hilo.

Sidai kwamba kila mtu alisadiki. Kukhu bado hufunika kioo mvua ikianza. Lakini nyumba ya mzee haikuchomwa, na mblugamu kuka aliukata. Mbao zake zililipa muhula mmoja wa karo.

8. JINSI YA KUJIKINGA

Msomaji, yaliyotupata ni madogo. Juni 2011 radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu mmoja wakiwa darasani. Machi 2018 iliua watu 16 kanisani katika wilaya ya Nyaruguru, Rwanda. Novemba 2024 iliua watu 14 waliokusanyika kwa maombi katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, Uganda. Hawa wote walikuwa mahali walipodhani pana usalama. Kwa hiyo yashike haya:

Kwanza, usijikinge chini ya mti, hata mvua iwe kali vipi. Afadhali kulowa.

Pili, toka uwanjani, toka mtoni na ziwani, shuka kwenye baiskeli na bodaboda, weka jembe chini. Usisimame karibu na ua wa waya.

Tatu, mahali pazuri ni nyumba kubwa ya kudumu yenye nyaya na mabomba yaliyoingia ardhini, au gari lenye bodi na paa la chuma, madirisha yamefungwa. Kibanda cha nyasi au banda la mabati si kinga ya kutosha. Ukiwa humo, kaa katikati, mbali na kuta, nyayo pamoja.

Nne, ukinaswa shambani bila pa kwenda, jitenge na wenzako, chuchumaa, nyayo pamoja, usilale chini. Hii haikuokoi kabisa, inapunguza hatari tu. Dawa ni kuondoka mapema.

Tano, aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse! Wengine hufa kwa sababu watu wanaogopa kuwashika. Kama hapumui na moyo umesimama, mkandamize kifua kwa nguvu na kwa haraka, huku wengine wakitafuta gari la kwenda hospitali.

Sita, shule iwekewe kinga ya radi: chuma chenye ncha juu ya paa, waya mnene wa shaba na chuma kilichozikwa ardhini, vyote vimeunganishwa na fundi anayejua. Ikifungwa vibaya haina maana. Nguo nyekundu na kioo havina hatia yoyote.

9. TAMATI

Kwa muhtasari, radi ni jambo la kutazamwa, la kuhesabiwa na la kuogopwa kwa kiasi chake. Ukiweza kuipiga picha ukiwa ndani, ipige, uiandike tarehe. Huwezi kujua ni lini picha hiyo itahitajiwa na mtu asiyejua hata kwamba umeipiga.

Maswali ya mjadala:

1. Eleza tofauti kati ya umeme, ngurumo na radi.
2. Umehesabu sekunde 21 kati ya mwanga na ngurumo. Radi iko umbali gani? Je, uendelee kucheza mpira?
3. Kwa nini dhoruba za Misikhu ni za alasiri na za ziwani ni za usiku?
4. "Radi huchagua." Jadili, ukitumia mfano kutoka kijijini kwenu, lakini usitaje jina la mtu.